Baltoro kwa miguu: kutoka Askole mpaka Hushe

Skardu

Ndege ya Islamabad kuja Skardu, mji wa kaskazini mwa Pakistan ambako safari ya Baltoro inaanzia, ni bahati nasibu, mawingu yakikaa vibaya milimani hairuki, na siku yetu yalikaa vibaya, basi tukapakia mabegi kwenye gari tukaifuata barabara kuu ya Karakoram mpaka pale barabara ya Skardu inapochepuka, nayo inaufuata mto Indus. Ndefu hiyo safari na inachosha kuliko hata kutembea, mto unanguruma chini upande mmoja, mwamba umening'inia juu upande wa pili, we chagua tu uogope kipi.

Skardu iko kama mita 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari na hapa ndo kila kitu kinanunuliwa: mchele, dengu, unga, mafuta ya taa, vitunguu, kuku wazima wanaokwenda na miguu yao (ya wapagazi, samahani). Karatasi nazo zinamaliziwa hapa hapa. Baltoro, ule mto mrefu wa barafu wa milima ya Karakoram, hujiendei tu unavyotaka, lazima kibali, lazima muongozaji mwenye leseni, na kuna ada ya hifadhi ya Central Karakoram iliyoanzishwa 1993. Ukali wote huo una sababu, ukiendelea mbele kule kwenye barafu unakaribia Siachen ambako majeshi ya Pakistan na India yanatazamana tangu 1984.

Muongozaji wetu ni kijana wa huku huku Baltistan, sote tunamwita Bhai, kaka, na yeye anatuita kaka na dada kwa Kiurdu hivyo hivyo.

Askole, mita 3,000

Land Cruiser za zamani, tumebanana na magunia. Bonde la Shigar ni zuri aisee, kijani, miti ya aprikoti mpaka barabarani, halafu ghafla unaingia bonde la Braldu na kijani kinaisha kama kimekatwa, inabaki mchanga, mawe na mto wa rangi ya saruji. Kuna mahali barabara ilikuwa imeliwa na maporomoko, tukashuka, mizigo ikavushwa mabegani, upande wa pili kuna gari jingine linasubiri na dereva wake kajilalia zake, kumbe ndo utaratibu wa kila kiangazi.

Askole ndo kijiji cha mwisho. Mbele ya hapa hakuna mtu anayeishi, ni kambi tu. Asubuhi wapagazi wamejipanga, kila mzigo unatundikwa kwenye mizani ya mkononi na watu wanaubishania kwa sauti kubwa, kilo moja ni ugomvi, na wana haki maana hiyo kilo moja haikai mgongoni mwangu. Malipo yao hayahesabiwi kwa siku, yanahesabiwa kwa parao, yaani kipande cha njia, na kila mtu anajua parao ngapi ziko kati ya hapa na Concordia, kambi ya kule juu barafu zinapokutana, kwahiyo hata mkiunganisha vipande viwili siku moja mpagazi analipwa vyote viwili.

Nilishangaa wingi wao. Sisi watembezi ni wachache tu, wao ni msafara. Bhai akanambia piga hesabu: kuna anayebeba chakula chako, kuna anayebeba chakula cha huyo anayebeba chakula chako, afu kuna mwenye mafuta ya kukipikia chote. Chakula kinavyopungua ndo wanavyoruhusiwa mmoja mmoja kurudi nyumbani. Hii hesabu ndo safari yenyewe, milima ni nyongeza.

Jhola

Joto. Nani alinambia nitasikia baridi? Jua linawaka, vumbi, hakuna kivuli, njia inapanda na kushuka kando ya Braldu. Kabla ya mchana tulikatiza mdomo wa barafu ya Biafo, hiyo nayo ina urefu wa kilomita 67, ukiifuata juu unavuka kwenda Hispar na unatokea upande wa bonde la Hunza, lakini ukipita kwenye mdomo wake huwezi kujua ni barafu, ni rundo la mawe na udongo tu na upepo wa baridi unaotoka huna hakika wapi. Mto Dumordo tumevuka kwa daraja la kamba za chuma. Jhola yenyewe ni vyoo, mabomba na mahema. Basi.

Paiju, mita 3,400

Miti! Michache, lakini miti. Kambi imepandishwa kwenye ngazi ngazi za mlima na juu yake kuna Paiju Peak, mita 6,610, ambao walioupanda mara ya kwanza walikuwa Wapakistani wenyewe mwaka 1976. Naupenda huo mlima kwa sababu hiyo, maana vilele vingi huku orodha ya kwanza ni Waitaliano, Waaustria, Wamarekani.

Jioni Bhai alinionyesha mbele, bonde limezibwa na ukuta mweusi. Nikauliza ule ni mlima gani. Akasema ule sio mlima, ule ndo Baltoro.

Paiju tena

Siku ya kupumzika, mwili uzoee hewa nyembamba, ila ukweli ni kwamba wapagazi ndo wanaihitaji zaidi, maana mbele hakuna kuni hata kijiti. Siku nzima wanapika mikate, wanapanga, wanafunga kwenye vitambaa. Mbuzi kachinjwa mchana, nyama ikagawanywa kwa mafungu yaliyo sawa kabisa, wakageuza mgongo na kupiga kura nani achukue fungu lipi ili asilalamike mtu. Baadaye wakaanza kuimba na kupiga makofi, ngoma ni dumu la mafuta ya taa, wazee ndo wachezaji hodari kuliko vijana. Kuna mzee mmoja tunamwita Chacha, baba mdogo, ndevu kapaka hina, anacheza mabega tu, miguu haiondoki chini, watu wote hoi.

Chai yao ina chumvi. Nilikunywa. Sitasema zaidi.

Khoburtse

Leo tumepanda juu ya barafu yenyewe, na kama una picha kichwani ya uwanja mweupe unaong'aa, ifute. Baltoro ina urefu wa kilomita kama 63 na sehemu hii ya chini yote imefunikwa mawe, mawe ya kila saizi, kuanzia changarawe mpaka jiwe ukubwa wa nyumba, yamepangwa vilima na mashimo, unapanda kilima, unashuka shimo, unapanda tena, na ukitazama nyuma baada ya saa zima umesogea kidogo mpaka unataka kulia. Chini ya mawe kuna barafu nene na unaikumbuka pale tu mawe yanapoteleza na kuacha ubavu mweusi unaometa, unachuruzika maji, au pale unaposikia mto unapita chini ya miguu yako na huuoni.

Pale mdomoni tulisimama kidogo. Maji yanatoka pangoni kwa nguvu, machafu, yanabwata, ndo yanakwenda kuwa Braldu, kisha Shigar, kisha Indus, mpaka kule chini kwenye mashamba ya watu.

Wapagazi wanapita hapa na ndala wengine, viatu vya plastiki wengine, mzigo mgongoni na fimbo yenye kishikio ya kuupumzishia, wanasimama dakika, wanapiga mluzi, wanaondoka. Hakuna njia iliyochorwa. Barafu inatembea, katikati yake inasogea zaidi ya mita mia kwa mwaka, kwahiyo njia ya mwaka jana imeshahama, daraja la jiwe la mwezi jana limeshaanguka, na ukiuliza "njia iko wapi" jibu ni "mfuate yule aliyepita juzi". Wanaweka vijiwe vitatu juu ya jiwe kubwa kama alama, afu siku mbili tatu jiwe lenyewe linapinduka.

Urdukas, mita 4,050

Sina maneno ya kutosha ya Urdukas. Ni ubavu wa majani, majani kweli, na maua, umening'inia juu ya barafu upande wa kusini, na ukikaa hapo ng'ambo yako imesimama Trango. Sijawahi kuona jiwe limesimama vile. Trango kubwa ina mita 6,286, pembeni yake ule mnara mwembamba wa mita 6,239 ambao Waingereza walifika juu yake mwaka 1976, halafu Uli Biaho, halafu Cathedral, yote ni graniti iliyochongoka, imenyooka mpaka theluji haishiki, inabaki rangi ya kahawia na machungwa jua likizama. Mwenzangu alisema "mbona inaonekana si kweli", na sote tukakaa kimya tukila karanga.

Kambi hii ni ya zamani. Mwana mmoja wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipita hapa 1909 na mpiga picha Vittorio Sella, na picha za Sella mpaka leo ukizitazama unatambua kila kilele, barafu tu ndo imebadilika. Alikuja na msafara mkubwa wa wapagazi wa Baltistan. Chacha anasema babu wa babu yake alikuwemo, Bhai anasema kila mzee wa Askole anasema hivyo.

Usiku kichwa kilianza kuniuma. Maji, supu, mto wa kulalia juu kidogo. Asubuhi kimepoa. Huku ukiumwa kichwa halafu ukaanza kutapika na kuyumba hakuna ushujaa, unashushwa, na kushushwa maana yake ni kubebwa na hawa hawa.

Goro II, mita 4,300

Siku ndefu. Leo barafu imeanza kuonekana, minara myeupe inachomoza kutoka kwenye mawe, mingine mirefu kuliko ghorofa kadhaa, imesimama peke yake katikati ya uchafu wote ule, hujui imetokea wapi. Na kuna mawe makubwa ya bapa yaliyosimama juu ya mguu mwembamba wa barafu kama uyoga: jiwe linaikinga barafu iliyo chini yake na jua, pembeni pote panayeyuka, linabaki juu ya nguzo, mwisho linateleza upande wa kusini ambako jua linachoma zaidi. Tabaka nene la mawe linalinda barafu, vumbi jembamba linaiyeyusha haraka kwa sababu linanywa jua, kitu kile kile kinafanya kazi mbili tofauti. Na jambo lingine ambalo lilinishangaza, wakati barafu za Himalaya na Alps zinarudi nyuma miaka hii, nyingi za Karakoram zilikaa karibu pale pale kwa miongo, wanasayansi wanaliita ajabu ya Karakoram, yaani hali isiyofuata kawaida, na wamelijadili sana, theluji ya baridi ni nyingi na kiangazi hakijapanda joto sana. Usije ukadhani ndo ziko salama milele.

Upande wa kulia Masherbrum, mita 7,821, umejitokeza wote mara moja kwenye pengo. Upande wa kushoto Muztagh Tower. Njiani waya wa simu wa jeshi umelala juu ya mawe kilomita baada ya kilomita, na mizoga ya nyumbu, wale chotara wa punda na farasi. Ndiyo, nyumbu wanaobebeshwa mafuta na chakula cha kambi za jeshi na za watalii, wanavunjika mguu, wanaachwa, baridi inawahifadhi. Harufu ipo mchana tu. Picha za mtandaoni hazionyeshi hili na sijui kwa nini, wako njiani kabisa, huwezi kuwakwepa.

Hema limesimamishwa juu ya mawe na chini ya mawe ni barafu. Usiku mzima inapasuka, kishindo, kimya, kishindo. Wapagazi wanajenga ukuta wa mawe wa mviringo, wanatandika turubai juu, wanalala wamebanana humo na blanketi. Sisi na magodoro yetu ya upepo tunalalamika.

Concordia, mita 4,600 hivi

Bonde linafunguka. Barafu mbili kubwa zinakutana hapa, Baltoro ya juu na Godwin-Austen, Martin Conway ndiye aliyepaita Concordia alipopita 1892. Mbele yako Gasherbrum IV, mita 7,925, ukuta mmoja unaong'aa jioni mpaka inaumiza macho. Haufiki elfu nane na ndo maana watu hawausemi sana, nami nasema ndo mzuri kuliko wote hapa, tubishane. Kulia kwa mbali Chogolisa, ule ambao Hermann Buhl alipotea Juni 1957 wiki chache tu baada ya kuwa mmoja wa wanne wa kwanza juu ya Broad Peak.

Na K2, mlima wa pili kwa urefu duniani? Mawingu. Tumefika na kugeuka kushoto sote kwa pamoja, wingu la kijivu mpaka chini. Tukanywa chai. Tukala. Tukaenda kulala.

Saa kumi na moja alfajiri Bhai anapiga hema, "kaka toka, toka sasa hivi". Nimetoka na soksi. Wote upo. Mita 8,611, pembetatu, hakuna mlima mwingine mbele wala pembeni wa kuuzibia, kutoka kwenye barafu mpaka ncha kipande kimoja. Sikufanya chochote cha maana, nilisimama tu, miguu ikaganda. Waitaliano Compagnoni na Lacedelli walifika juu 31 Julai 1954, hiyo inajulikana. Isiyosemwa sana ni ya Amir Mahdi, mpagazi kutoka Hunza, ambaye yeye na Walter Bonatti waliwabebea mitungi ya oksijeni mpaka juu ya mita 8,000, hawakulikuta hema pale walipotarajia, wakalala nje usiku kucha bila hema, na Mahdi akapoteza vidole vyote vya miguu. Chacha anaijua hadithi hiyo kwa undani na anaisimulia kwa hasira utadhani ilitokea wiki iliyopita.

Kambi ya chini ya K2, kwenda na kurudi

Tumefuata Godwin-Austen, tumepita chini ya Broad Peak, mwendo wa kinyonga, hatua, pumzi, hatua. Ukikaribia mita 5,000 hewa unayopata kwa kila pumzi ni karibu nusu tu ya ile ya baharini na mwili unakudai. Mahema ya wapandaji yamesambaa juu ya mawe, njano na machungwa.

Kando kuna kilima cha mwamba chenye ukumbusho wa Art Gilkey, Mmarekani aliyefariki 1953. Sahani za bati za chakula zimetobolewa kwa msumari kuandika majina, nyingine vibao vya chuma vilivyochongwa vizuri, upepo unazigonga gonga. Nimesoma chache nikaacha. Muhammad Ali Sadpara, mtu wa kijiji cha karibu na Skardu, alianza kama mpagazi kwenye barafu hii hii, akawa mmoja wa watatu wa kwanza kufika juu ya Nanga Parbat majira ya baridi 2016, akapotelea hapa juu Februari 2021. Wapagazi wetu waliinua mikono wakamsomea fatiha, mizigo ikiwa bado mgongoni.

Ali Camp

Tumeagana na wapagazi wengi pale Concordia, chakula kimepungua, wanarudi Askole, na mwendo wanaorudi nao ni aibu kwetu, vile vipande tulivyovitambaa wao wanaviunganisha. Sisi tumekata kusini kwenye barafu ya Vigne. Hii sasa ndo nyeupe, laini, pana, na nyufa zimefichwa chini ya theluji, kwahiyo tumefungwa kamba moja, hakuna kusimama kupiga picha. Mahema saa nane mchana, chakula saa kumi, kulala saa kumi na mbili, yaani kujilaza.

Gondogoro La, mita 5,585

Saa saba usiku tunaanza kupanda La, yaani njia ya kupenya kati ya vilele. Taa za kichwani, hanesi (mikanda ya kujifungia kamba), kramponi (meno ya chuma chini ya viatu), chai nusu kikombe. Kuanza usiku ni lazima, theluji iwe ngumu na mawe yawe yameganda mahali pake, jua likishapiga ule upande wa kushuka mawe yanaanza kudondoka na hayachagui. Vijana wa uokoaji wa Hushe wameshafunga kamba, ndo kazi yao kila kiangazi, unashika kamba, unasukuma kifaa cha kupandia, unapumua mara tatu, unasukuma. Nilikuwa nahesabu mpaka ishirini na kupumzika, baadaye kumi, baadaye nikaacha kuhesabu nikawa natazama visigino vya Chacha mbele yangu. Chacha ana kamba tu kiunoni na soksi za sufu amevalisha juu ya viatu visiteleze.

Juu kumekucha. K2, Broad Peak, Gasherbrum zote, safu nzima kwa pamoja upande tuliotoka, na upande wa pili Laila Peak, mita 6,096, ncha kali imeinama upande mmoja. Tulipewa dakika kumi. Bhai hana mzaha na saa, "picha, maji, twende".

Kushuka sitaki kukukumbusha, mwili wangu. Mwinamo mkali, barafu halafu changarawe halafu barafu, kamba moja baada ya nyingine, ukimsikia mtu wa juu anapiga kelele unajibana ukutani hutazami juu. Jiwe moja lilipita likivuma. Wapagazi walishuka wakikimbia na mizigo, wakaketi chini kutusubiri, wakawasha sigara.

Khuspang mpaka Saicho

Nyasi. Maua ya zambarau. Nimevua viatu nikakanyaga majani. Magoti yamevimba. Siku iliyofuata ni kushuka tu, mita zaidi ya elfu moja, miti ya mireteni inanukia, ng'ombe chotara wa yaki (ng'ombe wa manyoya marefu wa milimani) wanatutazama, na hewa ni nzito unaweza kuitafuna. Sina la zaidi, nilikuwa nawaza kuoga.

Hushe, mita 3,050

Watoto wametupokea nje ya kijiji. Hapa ndo kwao Little Karim, mpagazi mfupi wa umbo aliyefariki 2022, yule aliyebeba bawa la kurukia la Mfaransa Jean-Marc Boivin kwenye Gasherbrum II mwaka 1985. Muulize mtu yeyote Hushe, ni ndugu yake.

Malipo yamefanyika kwenye ua wa nyumba ya wageni. Bhai na daftari, parao baada ya parao, nyongeza ya Gondogoro, rupia zimehesabiwa mara mbili mbele ya kila mtu, bakshishi tumeichanga na kumkabidhi kila mmoja mkononi badala ya kumpa mtu mmoja agawe. Mmoja alidai parao moja imerukwa, daftari likafunguliwa, wakabishana, wenzake wakatoa ushahidi, alikuwa sahihi, akalipwa. Vitu tunavyoacha, glovu, soksi, jaketi moja, vimepigiwa kura ile ile ya kugeuza mgongo kama nyama ya Paiju. Chacha kaangukiwa na miwani yangu ya jua, kaivaa hapo hapo.

Dereva anapiga honi. Vijito vinavyokatiza barabara ya kushuka Khaplu vinajaa jioni theluji ikishayeyuka, na ni lazima tuvivuke kabla ya saa tisa, wapagazi wa Shigar wanapanda juu ya mizigo, sisi ndani, twende.